Ilitimiza Kila Sharti

Mama yake alimtuma sukari saa tisa. Saa kumi na moja nikatumwa mimi, kumtafuta aliyetumwa sukari. Nilimkuta kwenye kibanda cha gemu, Tandika, amebanwa katikati ya benchi na wenzake watatu, ile shilingi elfu ya mama ishaanza kuliwa.

"Shikamoo mjomba. Dakika mbili tu," akasema bila kugeuka. "Nimeshapata WA."

"WA ndiyo nini?"

"WA2000, mjomba! Hii huhangaiki kukoki. Unapiga, unapiga tena."

Kwenye kioo kulikuwa na bunduki fupi, nene, ya umbo ambalo sikuwahi kuliona, utadhani fundi aliikata nyuma akasahau kuendelea. Mpwa wangu, ambaye wakati huo hakuweza kunitajia wilaya tatu za mkoa wa Pwani, alinitajia uzito wake, idadi ya risasi zake na nchi ilikotengenezwa. Nilimshika mkono tukaenda kununua robo ya sukari kwa pesa iliyobaki.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutathmini miradi. Unapewa andiko, unapanda basi, unakwenda kuangalia mambo mawili: kilichoandikwa kama kipo, na kilichopo kama kinatumika. Pengo kati ya hayo mawili ndilo limenilisha. Baadaye, niliposoma habari za ile bunduki ya Tandika, nikajikuta nasoma ripoti ya mradi ninaoufahamu fika, ila huu ulikuwa wa Kijerumani.

Jina lake kamili ni Walther WA 2000. Ilitengenezwa Ulm, kusini mwa Ujerumani Magharibi, kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na zote kwa jumla zilikuwa 176. Kuna shule za msingi Dar es Salaam ambazo darasa la kwanza peke yake linaizidi idadi hiyo.

Chimbuko lake ni Munich, Septemba 1972. Sisi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu tamu ya Olimpiki ile: tarehe 2 Septemba John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, na Kipchoge Keino wa Kenya akachukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wenyeji nao walikuwa na hamu yao. Walitaka michezo ya furaha, itakayoifuta vichwani mwa watu ile ya Berlin ya 1936 iliyofanyika chini ya Hitler. Kwa hiyo walinzi wa kijiji cha wanamichezo walivalishwa suti za bluu ya mbingu, wala hawakupewa silaha. Uzio ulikuwa wa kurukwa tu; wanamichezo wenyewe waliuruka usiku wakirudi matembezini.

Si kwamba hakuna aliyefikiria mabaya. Mwanasaikolojia wa polisi, Georg Sieber, aliombwa mapema aandike mambo yanayoweza kuharibika. Akaandika 26. Namba 21 ilieleza Wapalestina wenye silaha wakiruka uzio alfajiri, wakiingia jengo la Waisraeli, wakiua mtu mmoja au wawili, kisha wakidai wafungwa waachiliwe. Waandaaji wakaona huyu bwana anawaharibia sherehe. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya namna hiyo. Kila andiko la mradi lina ukurasa wa vihatarishi, na huo ndio ukurasa ambao mwenyekiti huuruka akisema "haya tumeshayaona, tuendelee".

Alfajiri ya tarehe 5 Septemba, watu wanane wa kundi la Kipalestina la Black September waliruka uzio. Waliwaua Waisraeli wawili, wakawashika mateka tisa. Mchana polisi wakajaribu kuvamia kutoka juu ya paa, wamevaa nguo za michezo ili wasitambulike. Kamera za televisheni zikawaonyesha moja kwa moja, na ndani ya jengo kulikuwa na televisheni. Ikabidi washuke.

Usiku helikopta mbili zikawapeleka wote hadi uwanja wa ndege za kijeshi wa Fürstenfeldbruck, kwa ahadi ya ndege ya kwenda Cairo. Hapo ndipo mpango wa pili ulipopangwa, nao ulivunjika kipande baada ya kipande. Polisi waliamini washambuliaji ni watano, wakaweka wapigaji watano. Kumbe walikuwa wanane. Ndani ya ndege ya Lufthansa iliyoegeshwa pale kama chambo, askari waliojifanya wahudumu walipiga kura wenyewe kwa wenyewe wakaondoka muda mfupi kabla helikopta hazijatua. Wapigaji hawakuwa na redio, kwa hiyo hakuna aliyejua mwenzake analenga nani. Wengine waliwekwa mahali ambapo risasi za wenzao zingewapata. Magari ya deraya yaliitwa, yakakwama kwenye foleni ya watu waliokwenda kutazama. Kufikia usiku wa manane na ushee, mateka wote tisa walikuwa wamekufa, pamoja na polisi mmoja na washambuliaji watano. Na katikati ya vurugu hiyo ikatangazwa duniani kwamba mateka wameokolewa wote. Watu walilala na habari njema, wakaamkia misiba.

Na bunduki? Zilikuwa G3, ile ile ambayo Mkenya yeyote aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha polisi anaijua kwa umbo. Hazikuwa na darubini wala kifaa cha kuonea gizani. Walioshika hawakuwa wadunguaji; walikuwa polisi wa kawaida waliochaguliwa kwa sababu walipiga shabaha vizuri.

Ukikaa na orodha hiyo na kalamu, unapata hesabu mbovu ya adui, mawasiliano ambayo hayakuwapo, taa zisizotosha, mafunzo yasiyofanyika, amri iliyogawanyika kati ya mji, jimbo na serikali kuu, na bunduki isiyofaa. Bunduki ni kimoja tu katika hivyo, na mimi ningekiweka chini kabisa. Lakini ndicho chenye mchoro, chenye bei, chenye tarehe ya kukabidhiwa. Huwezi kupiga picha ukikata utepe wa mawasiliano mazuri.

Wajerumani hawakuwa wazembe kiasi cha kununua chuma na kukaa. Kabla Septemba ile haijaisha waliidhinisha kikosi kipya cha kupambana na ugaidi, GSG 9, chini ya Ulrich Wegener, na majimbo nayo yakaanza kuunda vikosi vyao maalumu. Sambamba na hayo likaja sharti la vifaa: polisi wanahitaji bunduki itakayopiga mbali bila kukosea, na itakayopiga risasi ya pili na ya tatu upesi, kwa sababu pale uwanjani walengwa walikuwa wengi. Lisome tena sharti hilo. Limeandikwa na usiku mmoja. Kila neno lake linajibu Fürstenfeldbruck.

Walther walilijibu neno kwa neno. Kampuni hii ilianzishwa na Carl Walther mwaka 1886 huko Thuringia. Baada ya vita ilipoteza kiwanda chake upande wa Wasovieti, ikaanza upya Ulm, na katika miaka hiyo ilisifika sana kwa bunduki za mashindano, zile za mtu aliyelala juu ya mkeka akitafuta alama ya kumi. Mafundi wake hawakuchukua bunduki iliyopo na kuirekebisha. Walianza na karatasi tupu, na hilo waliojenga ofisi au nyumba wanajua lina gharama gani.

Itazame kwa karibu. Bunduki ya kawaida ina mtambo wa kufyatulia katikati na kitako cha mbao nyuma. Hapa mtambo na magazini vimerudishwa nyuma ya kifyatulio, karibu na shavu la mpigaji, kwa hiyo bunduki nzima ina urefu wa milimita 905 ilhali mtutu peke yake ni milimita 650. Mtutu wenyewe umechongwa mifereji kwa urefu wake, na umeshikwa mbele na nyuma kati ya reli mbili, moja juu na moja chini, ukiwa kwenye mstari ulionyooka na bega. Ukifyatua, teke linarudi moja kwa moja begani badala ya kuinua mdomo wa bunduki. Miguu miwili ya kuegemea haiko chini ya mtutu kama tulivyozoea. Imefungwa kwenye reli ya juu, hivyo bunduki haisimami juu ya miguu bali inaning'inia, kama birika kwenye mpini wake, na haipindukii upande. Risasi iliyochaguliwa ni .300 Winchester Magnum, risasi ya wawindaji wa wanyama wakubwa, yenye nguvu kuliko ile ya kawaida ya majeshi ya NATO. Magazini inabeba sita. Gesi ya baruti inasukuma mtambo, ganda linatoka, risasi nyingine inaingia, na jicho la mpigaji halijaondoka kwenye darubini ya Schmidt & Bender. Ilikuwa kazi safi. Sioni aibu kusema ni nzuri, kama mtu anavyoweza kusema pampu ni nzuri.

Nasema pampu kwa sababu nina yangu. Katika kijiji kimoja cha Dodoma nilipelekwa kutathmini pampu ya maji ya nguvu ya jua, ya kisasa kuliko zote nilizopata kuziona. Kila kilichoandikwa kwenye andiko kilikuwapo: paneli, tangi, kisanduku cha kuongozea mtambo chenye taa ya kijani. Taa ilikuwa imezimika miezi minne. Mita mia kutoka hapo wanawake walikuwa wanavuta ndoo kisimani. Mweka hazina wa kamati ya maji, mama wa makamo mwenye daftari lililofungwa kwa mpira, alinieleza bila hasira: "Mwanangu, kamba ikikatika nanunua nyingine gulioni Jumatano. Hiki kikizima nampigia nani?" Kwenye fomu yangu kulikuwa na kisanduku cha "kimefungwa" na kingine cha "kinafanya kazi". Kisanduku cha "nampigia nani" hakikuwapo.

Ulm nako swali lilikuwa lile lile kwa sura nyingine. Polisi wa Ujerumani Magharibi walikuwa mali ya majimbo, kila jimbo na bajeti yake, na kila kikosi maalumu kilihitaji wadunguaji wachache tu. Soko lilikuwa dogo hata kabla ya mtu kuuliza bei. Na bei ilikuwa ya kukohoza: bunduki moja ilifika maelfu mengi ya dola wakati ambapo bunduki nzuri ya kukoki kwa mkono ilipatikana kwa sehemu ndogo ya hizo. Halafu ofisa ugavi akiuliza mpigaji wake, anaambiwa ukweli usiopendeza viwandani: mdunguaji wa polisi kwa kawaida yuko karibu, mtaa mmoja au miwili, na anategemea risasi moja. Risasi ya kuwindia wanyama wakubwa inayotoboa mlengwa, ikatoboa ukuta, ikaingia sebuleni kwa jirani, ni mzigo wa kisheria. Karibu kilo saba, bila darubini, ni mzigo wa kawaida wa kupandisha ngazi hadi paa la ghorofa ya nane. Wanajeshi nao hawakuvutiwa: chombo kilichoundwa kwa usahihi namna ile kinataka kutunzwa, na jeshi linalala kwenye tope.

Vikosi vichache vya polisi vya Ujerumani vilinunua. Mwaka 1988 Walther wakafunga daftari.

Mpinzani wake alifanya jambo ambalo mimi, kama mtathmini, ningelipigia mstari. Heckler & Koch waliulizwa swali lile lile la Munich, wakarudi kwenye rafu yao wenyewe, wakachukua G3, bunduki iliyoshindwa pale Fürstenfeldbruck, wakaipa mtutu mzito, kitako cha kurekebishika na darubini ya Hensoldt, wakaiita PSG1. Nayo ilikuwa ghali, nayo ilikuwa nzito, kilo nane na ushee, na ilikuwa na tabia ya kurusha maganda mita kumi pembeni kama mtoto anayetema mbegu za tikiti. Lakini fundi wa silaha aliyezoea G3 aliifungua akakuta mambo anayoyajua. Iliuzwa, na bado inatajwa kwenye ghala za polisi wa nchi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la Ujerumani lilipochukua .300 Winchester Magnum kwa wadunguaji wake, lilichukua bunduki ya Kiingereza ya kukoki kwa mkono, ya Accuracy International, likaiita G22. Kwa hiyo Walther walikuwa sahihi kuhusu risasi. Walikosea kuhusu kila kilichoizunguka.

Kinachonikereketa zaidi ni tarehe. Mtihani mkubwa wa baada ya Munich ulikuja Oktoba 1977, na ulikuja pwani yetu. Ndege ya Lufthansa iliyopewa jina Landshut ilitekwa, ikazungushwa Rome, Larnaca, Bahrain, Dubai na Aden, ambako rubani Jürgen Schumann aliuawa, kisha ikatua Mogadishu. Usiku wa kuamkia tarehe 18, askari wa Kisomali waliwasha moto mbele ya ndege ili watekaji wakimbilie vioo vya rubani kuangalia. Nyuma yao GSG 9 wakaegemeza ngazi kwenye mabawa na milango. Baada ya dakika chache watekaji watatu kati ya wanne walikuwa wameuawa, na abiria wote 86 walikuwa hai. Silaha zilikuwa bastola na bunduki fupi, umbali ulikuwa wa viti viwili vitatu. Kilichoshinda ni mazoezi ya miaka mitano, ngazi zilizopimwa urefu, na makubaliano na serikali ya Siad Barre. WA 2000 ya kwanza ilikuwa bado miaka mitano mbele. Swali la Munich lilikuwa limejibiwa tayari, na waliolijibu hawakutumia kitu ambacho Ulm walikuwa wanakichora.

Na hapo ndipo, kwa mradi wa kawaida, faili hufungwa na vyuma kuanza kuota kutu nyuma ya ofisi ya kata. Huu ulipata bahati ya ajabu. Mwaka 1987, mwaka mmoja kabla utengenezaji haujasimama, filamu ya James Bond iitwayo The Living Daylights ilitoka, na Timothy Dalton, Bond mpya, akaonekana Bratislava usiku, dirishani, akimlinda jenerali wa Kisovieti anayetoroka. Mikononi ana WA 2000. Walther hawakuwa wageni kwa Bond. Bastola yake ya PPK alikuwa nayo sinemani tangu 1962. Lakini hii ilikuwa bunduki iliyoonekana kama imetoka mwaka ambao haujafika, na sinema inapenda hilo kuliko inavyopenda kilo au bei. Darubini ya Bond inamwona mdunguaji wa upande wa pili, anagundua ni mwanamke mpiga muziki asiyejua kazi ile, anahamisha lengo na kuipiga bunduki yake badala ya kumpiga yeye. Risasi moja. Uwezo wa kupiga ya pili kwa haraka, uliokula fedha zote zile, hata Bond hakuuhitaji.

Kutoka hapo ikaingia kwenye gemu: mfululizo wa Hitman wa kampuni ya Denmark, IO Interactive, kisha Call of Duty: Modern Warfare 2 ya Novemba 2009, ambayo bila shaka ndiyo iliyokula sukari ya dada yangu. Kwenye gemu sababu zote zilizoiangusha hufutika. Uzito hauumi bega. Bei ni pointi. Spea hazihitajiki, tope haliingii, na walengwa kweli wanakuja wengi kwa pamoja kama sharti la 1972 lilivyodai. Ni mahali pekee ambapo mazingira yaliyoandikwa kwenye andiko yalipatikana. Huku nje, uchache ule ule ulioufilisi mradi ukawa thamani: wakusanyaji wa silaha Marekani hulipa makumi ya maelfu ya dola kwa moja, kisha huifungia kwenye kabati, maana nani atathubutu kuikwaruza.

Tarehe 5 Septemba 2022, miaka hamsini kamili baada ya Munich, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Fürstenfeldbruck akaomba radhi kwa familia za waliouawa, baada ya serikali kukubali fidia ya euro milioni 28. Alizungumzia ulinzi ulioshindwa, na miaka mingi ya kunyamaza na kuficha. Familia zilikuwa zimepigania nyaraka zifunguliwe kwa muda mrefu kuliko Walther walivyotengeneza bunduki.

Mpwa wangu sasa ni fundi simu, ana meza yake Kariakoo. Mwezi uliopita nilimpelekea simu isiyoingiza chaji, nikamweleza habari hizi alipokuwa anaifungua. Aliisikiliza Munich kimya. Nilipofika kwenye idadi akainua kichwa.

"Mia moja sabini na sita? Dunia nzima?"

"Dunia nzima."

Akafikiri kidogo, mswaki wa kusafishia mkononi. "Mjomba, pale Tandika tu tulikuwa nazo nyingi kuliko wao." Kisha akapuliza vumbi kwenye tundu la chaji, akachomeka waya, akasubiri taa.